Utatuzi wa Matatizo ya Sashiko kwa Anayeanza: Kasoro Inavyoonekana na Chanzo Chake

Sashiko ni udarizi wa Kijapani unaojengwa kwa bandi peke yake: uzi wa pamba, aghalabu mweupe, hupita juu na chini ya kitambaa kilichotiwa rangi ya nili, mshono baada ya mshono, mpaka mchoro utokee. Jina lenyewe lina maana ya vichomo vidogo vidogo. Katika kipindi cha Edo (1603–1868), wakulima na wavuvi, hasa wa kaskazini ya Japani kwenye baridi kali, waliitumia kazi hii kushikamanisha tabaka za nguo kuukuu ili ziwatie joto na zidumu. Nayataja haya mapema kwa sababu karibu kila kasoro inayomsumbua anayeanza inaelezeka hapo. Uzi wa sashiko huwa sehemu ya nguo. Ni lazima unyooke nguo inaponyooka na ulegee inapolegea. Wengi hudhani wamekosea kuchora au macho yao hayana shabaha, kumbe wameacha uzi mfupi kuliko njia unayopita.

Kasoro zilizo hapa chini ndizo zinazolalamikiwa mara kwa mara. Katika kila moja nimeanza na sababu iliyozoeleka zaidi, na jaribio la bure limetangulia dawa inayokulazimu kufumua.

Kitambaa kinajikunja na kuvutana

Hili ndilo tatizo mama. Kilaze kitambaa mezani bila kukinyoosha, kisha kitazame kwa upande, mwanga ukipita juu yake. Makunyanzi yakifuata mstari wa mishono, kosa limo kwenye uzi. Yakikata mistari ovyo, huenda kosa limo kwenye kitambaa. Sasa shika ncha mbili za mstari mmoja na uvute taratibu. Ikiwa uzi unakaza kabla kitambaa hakijanyooka, basi umekwisha kupata jibu.

Sababu ya kwanza ni kuvuta uzi na kuendelea na safari bila kuunyoosha. Wajapani wanacho kitendo maalumu kiitwacho itokoki, na anayekiruka hawezi kupata kazi iliyolala sawa hata angekuwa na mkono mwepesi namna gani. Baada ya kuvuta sindano na uzi wote kupita, shika mwanzo wa mshono uliotoka kushonwa kwa mkono mmoja, kisha kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa pili pitisha kando ya mstari kuelekea mwisho, ukibana kidogo, kama mtu anayekamua maji kwenye utepe. Utaona makunyanzi yakikimbia mbele ya vidole na uzi ukiingia ndani ya kitambaa kuchukua urefu unaoutaka wenyewe. Fanya hivyo kila unapovuta sindano, usingoje mwisho wa mstari. Waliozoea kudarizi vitambaa vya mezani kwa fremu ya mviringo hupata taabu zaidi hapa, kwa sababu mkono wao umefundishwa kuwa kitambaa hukazwa kama ngozi ya ngoma. Sashiko haitaki fremu. Kitambaa hukaa huru mkononi, na hiyo ndiyo njia yake ya kupanda kwenye sindano.

Sababu ya pili ni kugeuka kwenye pembe, au kuhamia mstari wa pili kwa nyuma, bila kuacha uzi wa akiba. Kila unapogeuka, acha upande wa nyuma kitanzi kidogo cha milimita 3 hadi 5. Kinaonekana kama uzembe, lakini kitambaa kikivutwa au kikifuliwa kitanzi hicho ndicho kinachotoa nafasi. Masafa ya kuruka nyuma yakizidi sentimita 2.5, ni afadhali kukata uzi na kuanza upya kuliko kuuburuta.

Sababu ya tatu hujitokeza baada ya kufua: kitambaa kilikuwa hakijasinyaa, kikasinyaa na kuuacha uzi, au uzi ukasinyaa na kukivuta kitambaa. Pamba mpya, hasa marikani iliyojaa dondo, inafaa ifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa. Isipokuwa kitambaa kilichokuja tayari kimechorwa kwa wino unaotoka kwa maji; hicho ukikifua mwanzoni utakuwa umefua mchoro wenyewe.

Mara chache zaidi, sababu ni uzi usio wa pamba. Kata kipande cha sentimita chache, kishike kwa koleo juu ya sinki, na ukiwashe: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, ilhali polista huyeyuka na kuacha kijiwe kigumu.

Ikiwa mwisho wa uzi haujafungwa, dawa ni rahisi ingawa inataka subira. Kwa ncha ya sindano, inua mshono wa mwisho ulegee kuelekea sehemu iliyokaza, kisha unaofuata, kisha unaofuata, mpaka ulegevu ufike unapohitajika. Ikiwa umekwisha kufungwa, geuza kitambaa, kata uzi mahali palipokaza kwa upande wa nyuma, fumua mishono mitano au sita kila upande, halafu ingiza uzi mpya unaopanda juu ya mishono mitatu ya zamani pande zote mbili. Usijaribu kuyatibu makunyanzi kwa pasi ya mvuke. Yatalala siku hiyo, yatarudi siku ya kufua. Kitambaa changu cha kwanza cha kufutia vyombo kilikuwa cha sentimita 33 kwa 33. Nilipomaliza mchoro, upande mmoja ulipima 31. Nilikipiga pasi mara tatu kabla ya kukubali kwamba sina budi kufumua mistari yote ya mshazari.

Mishono haina urefu mmoja

Jaribio la kwanza: weka rula juu ya mstari na uhesabu mishono katika sentimita 10, mahali patatu tofauti. Hesabu ikitofautiana kwa mshono mmoja, iache kazi yako kama ilivyo. Ikitofautiana kwa mitatu au zaidi, endelea kusoma.

Mara nyingi chanzo ni kushona kichomo kimoja kimoja, sindano ikisukumwa chini kwa mkono huu na kupokewa na ule. Namna hiyo kila mshono ni uamuzi mpya, na hakuna mtu anayeamua sawasawa mara elfu. Namna ya asili, unshin, ni kuishikilia sindano karibu haijongei, huku mikono miwili ikipandisha na kushusha kitambaa mbele ya ncha yake. Kitambaa hujikunja kwenye sindano mikunjo mitano, sita, saba, ndipo sindano inavutwa. Kinachosawazisha mishono hapo ni mdundo wa mikono, na mdundo ni rahisi kuulinda kuliko kipimo. Jizoeze bila uzi kwanza, kwenye kitambaa chakavu, dakika kumi tu. Tazama mstari wa matundu uliouacha na utajua kama mkono umeshika mwendo.

Sababu inayofuata ni vifaa. Sindano ya sashiko ni ndefu, wastani wa sentimita 5, ngumu, yenye ncha kali na tundu kubwa. Sindano fupi ya kushonea vifungo haibebi mikunjo. Pia subana ya sashiko haivaliwi kwenye ncha ya kidole: ni pete yenye kisahani, huvaliwa kwenye shina la kidole cha kati, na kisahani hukaa upande wa kiganja kusukuma kitako cha sindano. Ukiikosa, kipande cha ngozi nene kilichoshonwa kwenye pete ya lastiki kinatosha kuanzia.

Kuhusu kipimo, mafunzo mengi yanataka mshono wa mbele uwe mrefu kuliko wa nyuma kwa uwiano wa takriban 3 kwa 2, na wa mbele ukaribie umbo la punje ya mchele. Mishono ya mbele na ya nyuma ikiwa sawa, mchoro wa mistari huonekana hafifu, na mtu hulaumu uzi bure. Kwenye mistari ya duara, pakia kwenye sindano mishono miwili au mitatu tu kwa mara moja. Sindano imenyooka na haiwezi kufuata duara ndefu.

Mistari inapokutana panafanya uvimbe, au pembe zimekatika

Hapa wengi hutumia nguvu nyingi pasipohitajika. Katika asanoha, mchoro wa jani la asa (mmea wa jamii ya bangi uliolimwa Japani kwa nyuzi zake za nguo), mistari mingi hukutana kwenye kitovu kimoja. Kila mstari ukipita juu ya kitovu, uzi hurundikana na kuwa kama chunusi. Kanuni ni kwamba kwenye makutano ya mistari mingi kitovu huachwa wazi: kila mstari husimama kabla tu ya kufika na kuanza tena ng'ambo yake, ili tundu dogo la nili libaki katikati. Kwenye pembe kanuni ni kinyume chake, kwani sindano sharti ishuke au ipande kwenye ncha yenyewe ya pembe, la sivyo pembe itaonekana imeliwa.

Ili kufika mahali sahihi, usisubiri mshono wa mwisho ndipo uubane au uurefushe. Anza kurekebisha mishono mitatu au minne kabla, kila mmoja ukipungua au kuongezeka kwa unywele. Jicho halitambui.

Ikiwa tatizo ni uzi mwingi nyuma na mistari isiyokubaliana, chunguza njia uliyopita. Mistari mirefu iliyonyooka hutangulia, kisha ya mshazari, kisha vipande vifupi. Katika shippo, mchoro wa duara zinazopandana, anayeanza hushona duara moja, akafunga, akaanza jingine. Njia sahihi ni kufuata wimbi moja linalopanda na kushuka kutoka ukingo hadi ukingo, na duara hujitengeneza zenyewe mawimbi yakikutana.

Mchoro wa miraba haukubaliani

Hii ni kasoro ya hitomezashi, aina ya sashiko inayoshonwa juu ya miraba, mshono mmoja kwa kila mraba. Hapa ule uwiano wa 3 kwa 2 hautumiki. Mbele na nyuma ni sawa. Sababu karibu zote ni moja: mstari mmoja ulianza juu ulipopaswa kuanza chini, na yote iliyofuata ikaukosea. Tafuta mstari wa kwanza uliopotoka na ufumue kuanzia hapo, hata kama inauma. Kosa la hesabu huharibu pia kogin, aina ya sashiko ya eneo la Tsugaru, kaskazini ya Japani, ambako utawala wa zamani uliwakataza wakulima kuvaa pamba nao wakaimarisha nguo zao za asa kwa nyuzi, maana humo hakuna mchoro unaochorwa: huhesabiwa nyuzi za kitambaa kwa hesabu witiri, 1, 3, 5. Jirani yake, hishizashi ya eneo la Nanbu, huhesabu kwa shufwa, 2, 4, 6. Ukichanganya hesabu hizo mbili, umbo la almasi halitafunga kamwe. Anza katikati ya kitambaa, si pembeni.

Uzi unajisokota, unatoa manyoya au unakatika

Tazama kwanza urefu. Uzi unaozidi mita 1 hupita kwenye matundu mara nyingi mno, na sehemu iliyo karibu na sindano huchakaa kabla ya kushonwa. Kisha hakikisha unatumia uzi wote kama ulivyo, kwa sababu uzi wa sashiko umesokotwa pamoja na hautenganishwi kuwa nyuzi nyembamba kama ule wa udarizi wa kawaida. Ukisokotana, acha sindano ining'inie na izunguke yenyewe mpaka itulie. Uzi wa fungu nao hugombana tangu mwanzo ikiwa ulivutwa kutoka katikati: fungua fungu liwe pete kubwa, toa lebo, kata pete yote mahali pamoja palipo na fundo, kisha suka nyuzi kwa ulegevu ili uchomoe mmoja mmoja.

Ikiwa bado unatoa manyoya, upitishe kati ya vidole pande zote mbili. Upande mmoja utakuwa laini zaidi, nao ndio mwelekeo wa kushonea. La mwisho ni tundu la sindano lenye ukali. Badilisha sindano.

Sindano haipiti, na vidole vinauma

Kitambaa kimebanana mno, hiyo ndiyo sababu kuu. Jinzi nzito na shuka zilizofumwa kwa nyuzi nyembamba zilizosongamana humkatisha tamaa mwanafunzi katika siku ya kwanza. Tafuta pamba ambayo mtande na mshindio wake vinaonekana kwa macho. Kaniki laini iliyofuliwa mara kadhaa hufaa, na marikani iliyotolewa dondo pia. Kanga ni nyepesi lakini ikikunjwa tabaka mbili inavumilika. Tetroni iepuke. Ikiwa kitambaa ni sahihi, angalia idadi ya mikunjo unayopakia: kwenye tabaka mbili, mitano inatosha. Wazima moto wa mji wa Edo walivaa makoti ya sashiko ya tabaka nyingi yaliyoloweshwa maji kabla ya kuingia motoni, ila hiyo haikuwa kazi ya anayeanza.

Hapa pana mpaka wa kuacha. Sindano ikikatikia ndani ya kidole, usiichokonoe kwa sindano nyingine. Nenda hospitali, na uwaeleze lini ulichanjwa pepopunda mara ya mwisho. Ganzi ya vidole au maumivu ya kifundo cha mkono yasiyoisha baada ya kupumzika siku kadhaa yanahitaji daktari pia, kwani subana mpya haiponyi mshipa uliobanwa.

Alama za mchoro hazitoki

Sababu ya kwanza ni pasi. Wino unaotoka kwa maji ukipigwa pasi kabla ya kufuliwa unaweza kuganda moja kwa moja. Utaratibu ni huu: maliza kushona, lowesha katika maji mengi ya baridi, suuza mpaka alama zipotee, kausha, ndipo pasi. Kalamu zinazofutika kwa joto zina tabia ya kinyume: alama hupotea chini ya pasi na huweza kurudi kitambaa kikipatwa na baridi kali. Jaribu kalamu yoyote kwenye pindo kwanza. Kwenye kitambaa cheusi, chaki ya fundi inatosha, ingawa hupukutika. Chora sehemu unayoshona leo tu. Alama iliyokwisha kuganda usiitie dawa ya kung'arisha nguo, maana utapoteza nili pamoja na alama.

Uzi mweupe umegeuka samawati

Nili hukaa juu ya uzi zaidi kuliko kuzama ndani yake, kwa hiyo huchuja na kuhamia kwa msuguano. Kwanza angalia vidole vyako: kama vimekuwa vya buluu wakati wa kushona, kitambaa hakikusuuzwa vya kutosha. Kifue peke yake kwa maji baridi, mara nyingi kadiri inavyohitajika, mpaka maji yatoke safi, kabla ya kuweka mshono wa kwanza. Desturi ya kulowesha katika chumvi au siki imeenea, lakini haiifungi nili.

Kazi iliyokwisha kuchafuka irudishe kwenye maji baridi mara moja, ikiwa bado mbichi, na uisuuze ikielea kwa nafasi. Usiikunje wala kuiacha ndani ya beseni, kwa kuwa kitambaa chenye unyevu kilichojikunja ndicho kinachohamisha rangi. Iliyokauka na doa lake mara nyingi hubaki hivyo. Binafsi sioni aibu yake. Uzi wenye kivuli cha samawati unapendeza kuliko uliochubuliwa kwa dawa.

Mishono inafumuka baada ya kufua

Mwanzo na mwisho havikushikwa. Kwa kitambaa cha kutumika pande zote mbili, rudi juu ya mishono miwili au mitatu ya mwisho, ukipita katika matundu yale yale, kisha kata. Kwa tabaka mbili, fundo dogo lililofichwa katikati linakubalika. Fundo kubwa lililo wazi nyuma litasuguliwa mpaka lifunguke.

Nguo ya zamani

Kuna wanaopata koti au shuka kuukuu la Kijapani lenye viraka na sashiko iliyoachia, wakataka kujifunzia juu yake. Gusa ukingo wake kwa pamba nyeupe iliyoloweshwa maji baridi: ikitoka na rangi, au nyuzi za nguo zikipukutika kwa kuguswa, weka sindano chini. Usiifue, usiipige pasi, usivute uzi ulioning'inia. Ilaze bapa kwenye karatasi isiyo na asidi, mbali na jua, na umpelekee mhifadhi wa nguo za kale kupitia jumba la makumbusho lililo karibu nawe. Dobi wa kawaida, hata aliye hodari, hana dawa ya nyuzi zilizokwisha kuoza.